Mja Mzito Aliyefungwa na Unga
Somo kwa waalimu wa dini na wazee wa kanisa



Somo la mwezi huu si jepesi, wala si la kuwasomea watoto wa Shule ya Jumapili. Lakini jambo lenyewe limekwisha kupiga hodi katika sharika zetu za Unguja na za pwani, nasi hatuwezi kulifungia mlango. Ni habari ya mwanamke mwenye mimba, au mwenye mtoto mchanga kifuani, ambaye mwili wake umefungwa na dawa za kulevya, hasa ule unga uitwao heroini. Mwinjilisti akiitwa na jamaa za mwanamke wa namna hii, huulizwa maswali mawili. La kwanza: Je, tumfungie chumbani aache leo hii, kabla mtoto hajazaliwa? La pili: Ile dawa wapewayo pale Kidongo Chekundu, si ulevi mwingine tu wenye ruhusa ya serikali? Nimewasikia Wakristo wema wakijibu "ndiyo" kwa maswali yote mawili. Majibu hayo yaweza kuua, tena yaweza kuua watu wawili kwa siku moja. Ndiyo maana yatupasa kujifunza.

Kwanza tuujue unga wenyewe. Wazee wetu wa pwani walilijua neno kasumba kabla halijawa neno la siasa: kasumba ilikuwa ndiyo afyuni, utomvu mkavu wa tunda la mmea mmoja. Katika afyuni hutolewa mofini, dawa ya maumivu, na katika mofini hutengenezwa heroini. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilianza kuiuza kuwa dawa ya kikohozi. Haikupita miaka mingi madaktari wakaona ya kuwa inawafunga watu. Unguja, bandari ya majahazi na meli tangu kale, iliupata unga huu katika miaka ya 1980, ukipita kutoka Asia kwenda Ulaya. Na mzigo upitao mlangoni haukosi kumwagika kizingitini. Wengine huuvuta pamoja na bangi na tumbaku, wengine hujidunga sindano. Mjini watu hawa huitwa mateja. Ni jina la dharau, nami sitalitumia tena katika somo hili.

Sindano imeleta msiba wa pili. Katika watu wote wa Zanzibar, wenye virusi vya UKIMWI ni karibu mmoja katika mia, au hata chini ya hapo. Lakini uchunguzi wa mwaka 2012 miongoni mwa wanaojidunga Unguja ulikuta zaidi ya 10 katika kila mia. Mwanamke huwa hatarini zaidi, kwa kuwa mara nyingi ndiye wa mwisho kupewa sindano ambayo imekwisha kupita mikononi mwa wanaume, na mara nyingi huuza mwili wake ili apate fedha ya unga.

Hata hivyo, ukienda mahali pa matibabu, wanawake utawaona wachache sana. Si kwamba hawapo, wamefichwa. Kijana wa kiume akipotea, watu husema, "Masikini, amepotezwa na marafiki." Binti akipotea, husema, "Ametuaibisha." Akipata mimba, aibu hiyo huwa mbili, naye hujificha hata kwa mkunga. Anaogopa kutukanwa hospitalini, anaogopa polisi, anaogopa kunyang'anywa mtoto. Mara nyingi mwanamume aliyemwingiza katika unga ndiye anayemzuia kutoka, maana naye hula kwa fedha zake.

Sasa tuangalie linalotendeka tumboni, kwa kuwa hapo ndipo jibu la swali la kwanza lilipo. Unga huingia katika damu ya mama, nao hupita katika kondo la nyuma hata kumfikia mtoto. Siku zikipita, mwili wa mtoto huzoea kama ulivyozoea wa mama. Mama akiukosa kwa nusu siku tu, arosto humshika: jasho, kutetemeka, kutapika, kuhara, mifupa kuuma, tumbo kusokota. Basi fahamuni jambo hili, maana wengi hawalijui: mtoto naye hushikwa na arosto humo humo tumboni. Tumbo la uzazi laweza kukaza kabla ya wakati wake, mimba ikaharibika, au mtoto akazaliwa njiti, au akapungukiwa na hewa akafa kabla hajaiona dunia. Atumiaye unga hupanda na kushuka hivi mara tatu au nne kila siku, na kule kupanda na kushuka humdhuru mtoto kuliko watu wanavyodhani.

Kwa hiyo, yule anayemfungia mja mzito chumbani na kumwambia "acha leo", hata akiomba na kufunga pamoja naye usiku kucha, anamtia mtoto hatarini. Tena kuna hatari ya pili. Walio wengi wanaokatishwa ghafla hurudi katika unga baada ya siku au majuma machache. Katika muda huo mwili umesahau. Kipimo ambacho zamani ulikichukua sasa hukizima pumzi. Mtu hukutwa amelala chooni au kichochoroni, midomo imegeuka rangi, amekwisha kufa. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya wajawazito wenye shida hii, likashauri wasikatishwe ghafla, bali wapewe dawa ya kuwashikilia pamoja na mashauri, mpaka wajifungue na hata baadaye.

Hapa nitasema neno juu ya zile nyumba za kupata nafuu zilizoanza Unguja yapata mwaka 2009, ambazo watu wengi huziita soba. Nyumba hizi zimewatoa vijana wengi kaburini. Zinaongozwa na watu waliopita wenyewe katika moto, nao hujua kusema na mgonjwa kuliko sisi wachungaji. Siziandikii ubaya wowote. Walakini njia yao ya kawaida ni kuacha kabisa tangu siku ya kwanza, na njia hiyo haimfai mwenye mimba aliyezoea unga. Yeye apelekwe kwanza hospitalini. Nyumba ya nafuu yaweza kumsaidia halafu, ikiwa inapokea wanawake, tena ikiwa haimlazimishi kuiacha dawa yake.

Dawa yenyewe huitwa methadoni. Ilitengenezwa Ujerumani muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Pili, ikiwa dawa ya maumivu. Katika miaka ya 1960, huko New York, madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander waliwapa watu waliofungwa na heroini, wakaona jambo geni: mtu aliyekuwa akizunguka mchana na usiku kutafuta unga alitulia, akaanza kula, akauliza habari za kazi. Katika Tanzania methadoni ilianza kutolewa Muhimbili, Dar es Salaam, mwezi wa Februari mwaka 2011. Kenya ilifuata mwishoni mwa mwaka 2014 huko Mathari, Nairobi, halafu Malindi na Mombasa. Unguja huduma ilifunguliwa mwaka 2015 katika hospitali ya Kidongo Chekundu, ile ambayo wengi waijua kuwa ni ya wagonjwa wa akili. Mgonjwa hunywa dawa mbele ya muuguzi, kwa kawaida kila siku, bila kulipa.

Je, si ulevi mwingine? Swali hili ni la haki, wala si la kudharauliwa, maana methadoni ni jamaa ya heroini, na mtu akiiacha ghafla atapata arosto vilevile. Tofauti ni hii. Heroini huja kwa kishindo, humlewesha mtu, kisha humwacha baada ya saa chache akiwa mwenye njaa ya kuiba. Methadoni inywewayo kwa kipimo huingia polepole, hukaa mchana na usiku, haimleweshi aliyezoea, nayo humwacha na akili zake, hata aweze kupika, kufua, kunyonyesha na kusikiliza mahubiri. Mtoto tumboni hukaa katika hali moja, hapandi wala hashuki. Mtu mwenye kisukari huchoma insulini kila siku, wala hatumwiti mlevi wa insulini. Mfano huu si kamili, kwa maana mwenye kisukari hakuanza kwa kosa. Lakini matibabu hayaulizi kosa, huuliza ugonjwa. Ipo na dawa nyingine, buprenofini, inayofanya kazi kama hiyo. Uchunguzi wa nchi kadhaa uliotolewa mwaka 2010 ulionyesha ya kuwa watoto wa mama waliotumia buprenofini walihitaji mofini kidogo zaidi baada ya kuzaliwa kuliko wa methadoni. Lakini mama wengi zaidi waliiacha njiani. Mgonjwa atumie ile ipatikanayo na inayomshika.

Jambo moja huwakwaza sana jamaa. Katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba, daktari mara nyingi huongeza kipimo cha methadoni, au hukigawa asubuhi na jioni. Mama mkwe husema, "Tuliambiwa atapona, mbona dawa inazidi?" Jibu ni kwamba damu ya mja mzito huongezeka, na mwili wake huivunja dawa upesi zaidi, kile kilichotosha mwezi wa nne hakitoshi mwezi wa nane. Kuongeza si kurudi nyuma. Vilevile, akiwa na kifua kikuu na kupewa rifampisini, aseme kliniki zote mbili, maana dawa hiyo huifukuza methadoni mwilini, na arosto itarudi bila yeye kujua sababu.

Wako watakaosema, "Mtu wa imani hana haja na haya yote." Ndugu hao na wakumbuke mwaka 1527, tauni ilipoingia Wittenberg. Martin Luther hakukimbia. Nyumba yake ikawa kama hospitali. Katika siku hizo hizo mkewe, Katharina, alikuwa mja mzito, naye alimzaa binti mwezi wa Desemba. Luther aliandika waraka juu ya tauni ile, akawakemea wanaodharau dawa kwa kujidai wanamtegemea Mungu. Alisema kwa maana ya kwamba hao wanamjaribu Mungu, kwa kuwa ndiye aliyeziumba dawa na kutupa akili ya kuutunza mwili. Na katika Katekisimo Ndogo twafundishwa ya kuwa Amri ya Tano haikomi katika kutokuua, bali yatuagiza kumsaidia jirani katika kila haja ya mwili wake. Mwalimu anayewakaririsha watoto maneno hayo Jumamosi, kisha Jumatatu akamzuia mja mzito kwenda kliniki, ajiulize amefundisha nini.

Pombe nayo tuiseme kwa ufupi. Mkewe Manoa, katika Waamuzi sura ya 13, alionywa na malaika asiguse divai wala kileo maadamu atamchukua Samsoni. Nao madaktari wa leo wanasema hakuna kipimo cha kileo kijulikanacho kuwa salama kwa mtoto wa tumboni. Anayekunywa kidogo na aache mara moja. Lakini aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asiache peke yake nyumbani, maana aweza kushikwa na kifafa. Huyu naye njia yake ni hospitali.

Sasa saa ya kuzaa imefika. Mama asifiche. Awaambie wakunga, iwe Mnazi Mmoja au penginepo, ya kuwa anatumia methadoni, na kipimo chake ni kiasi gani. Ziko sindano za maumivu ambazo zikichomwa kwa mtu wa methadoni humtia arosto papo hapo, na mkunga asiyeambiwa hawezi kujua. Tena methadoni yake ya kila siku haiondoi uchungu wa kuzaa. Anahitaji kutulizwa maumivu kama mwanamke mwingine yeyote, wala asiadhibiwe kwa kunyimwa.

Mtoto aweza kuzaliwa mzima kabisa, watu wakafurahi. Halafu katika siku ya pili au ya tatu, na kwa methadoni hata siku ya tano au baadaye kidogo, akaanza: kilio chembamba kisichonyamaza, mikono kutetemeka, kupiga chafya, kunyonya kwa pupa bila kumeza vema, kuhara, kutolala. Hapo wazee wa nyumba husema ni mchango, au ni zongo, mtoto ametiwa jicho. Huletwa mafusho na makombe na dawa za mizizi. Waalimu, lijueni jambo hili mkawaeleze. Mtoto huyu amekosa ile dawa aliyokuwa akiipata katika damu ya mama. Hana laana, hakurogwa, wala si mlevi. Mtoto mchanga hajui kutamani unga. Ni mwili wake tu unaojifunza kukaa bila kitu ulichokizoea, na hali hii hupita, tena hutibika. Asipewe kitu chochote cha kienyeji, wala asitolewe hospitalini mapema.

Dawa yake ya kwanza ni mama yake mwenyewe. Chumba kisiwe na kelele wala taa kali. Mtoto avuliwe, alazwe kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, anyonyeshwe kila atakapo, akumbatiwe. Zamani watoto hawa walitengwa na mama zao, wakapewa mofini kwa kuhesabu alama za ugonjwa. Mwaka 2023 ulitolewa uchunguzi wa hospitali 26 za Marekani, wenye watoto 1,305. Wauguzi waliuliza mambo matatu tu: je, mtoto ananyonya, analala, na kunyamaza akibembelezwa? Waliotunzwa hivyo walikuwa tayari kwenda nyumbani kwa siku kama 8, na wale wa njia ya zamani kwa siku kama 15. Wengine bado walihitaji mofini, nayo ni haki yao wapewe kwa mkono wa daktari. Na maziwa ya mama anayetumia methadoni, ambaye ametulia na hatumii unga, ni mema: dawa ipitayo katika maziwa ni kidogo sana. Mwenye virusi vya UKIMWI ambaye anameza dawa zake kwa uaminifu naye hunyonyesha, kama kliniki imwelekezavyo.

Nakuja kwa desturi ya arobaini. Sisi watu wa pwani, Wakristo kwa Waislamu, twamtunza mzazi siku 40 ndani. Hukandwa maji ya moto, hulishwa uji wa pilipili manga, hatoki nje. Ni desturi njema, nayo imewaponya wanawake wengi kwa kuwapumzisha. Lakini mama wa methadoni akifungiwa ndani siku ya kwanza, siku ya pili ana arosto, na siku ya tatu atatafuta mtu wa kumletea unga dirishani. Jamaa hawakukusudia mabaya, walitaka kumheshimu. Basi mchungaji au mwinjilisti aseme nao kabla hajajifungua. Kama kliniki yaweza, kwa kanuni zake, kumpa dozi za kuchukua nyumbani, waiombe mapema. Kama haiwezi, atoke, amejitanda vema, bibi mmoja wa ukoo amfuate na mtoto. Kutoka kwa ajili ya dawa si kuvunja heshima. Na atokaye Nungwi ana safari ya karibu kilomita 60 kwenda mjini, na 60 kurudi. Kwa mzazi aliyeshonwa jambo hilo haliwezekani kila siku, illa apate jamaa wa kumpokea karibu na mji kwa miezi ile.

Wala arobaini ikiisha msidhani hatari imekwisha. Uchunguzi wa Massachusetts, Marekani, uliotolewa mwaka 2018, uliona ya kuwa wanawake hawa huzidiwa na kipimo mara chache kabisa katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba, na mara nyingi kabisa kati ya mwezi wa 7 na wa 12 baada ya kuzaa. Maana yake si ngumu kuiona. Wakati wa mimba kila mtu alimtazama; mtoto akizaliwa, macho yote yakahamia kwa mtoto. Mama halali, fedha hakuna, baba ameondoka, na wa kumsengenya hawakosekani. Ikiwa usharika wako una nguvu ya kumtembelea mama huyu mara chache tu, usizimalize zote katika juma la ubatizo. Mwendee mtoto anapoota meno.

Na ubatizo wenyewe? Hapa najua sitawapendeza wazee wote. Ziko sharika zinazomwambia mama, "Acha kwanza dawa hizo, rudi kundini, ndipo tumbatize mtoto." Mimi naona neno hili halina msingi katika mafundisho yetu. Twawabatiza watoto wachanga kwa kuwa neema hutangulia. Hatuupimi wema wa mama na kumtoza mtoto. Ikiwa mama hawezi bado kumlea katika imani, ndiyo sababu tunao wasimamizi wa ubatizo, nao wachaguliwe watu watakaokuja nyumbani, si wa kusimama tu na mshumaa. Kuhusu Meza ya Bwana, mtu anayekunywa methadoni kama alivyoagizwa hayumo katika ulevi, na asizuiwe kwa sababu hiyo. Aliyeanguka tena katika unga akaja kuungama, apokewe kama aungamavyo mwingine. Ugonjwa huu una kuanguka ndani yake, na mchungaji asiyeweza kumsikiliza mtu mmoja akiungama jambo lile lile mara ya nne amwachie mwenzake kazi hiyo.

Lipo na la huzuni zaidi. Wako mama ambao mtoto wao hufa, na ndugu husema waziwazi, "Umemuua wewe." Mwaka 1542 Luther aliwaandikia faraja wanawake waliopoteza mimba au watoto wasiobatizwa, akawaagiza wachungaji wasiwaogofye wala wasiwaongezee majonzi, kwa kuwa kuugua kwa moyo wa mama ni maombi ambayo Mungu ameyasikia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, naye alikuwa amekwisha kumzika binti yake mdogo, yule aliyezaliwa mwaka wa tauni. Soma naye mama huyo, kaa naye mpaka jioni, tena angalia asibaki peke yake usiku wa maziko, maana ndio usiku ambao unga huitwa.

Kwa waalimu wa Unguja nina ombi moja la kutenda. Dawa hunywewa asubuhi, Jumapili pamoja na siku nyingine, na ibada zetu nyingi ni asubuhi. Mama atokaye kliniki hufika nyimbo zimekwisha, mtoto mgongoni, naye hutafuta nafasi watu wote wakimgeukia. Mzee mmoja wa kanisa akae karibu na mlango wa nyuma, amwekee kiti, na mke wa mzee huyo ampokee mtoto.